Rangi ya kahawia haifanyi foto kuwa ya zamani

Wandugu wahitimu na wanafunzi, leo siandiki juu ya mihogo wala mbolea. Nataka tuongee juu ya foto. Kuna mutindo umeingia katika telefone zetu hapa Bukavu: mutu anapiga foto ya leo asubuhi, anaipaka rangi ya kahawia, anaitia mikwaruzo na madoa, kisha anaandika chini yake "Bukavu ya zamani". Watu wanaipenda, wanaigawa, wazee wanaandika "muji wetu ulikuwa muzuri kweli". Lakini ukitazama pole pole, pembeni ya ile nyumba ya wakati wa Wabeleji kuna pikipiki ya TVS, na mwenyewe anaongea kwa telefone.

Sichukii mutindo huu. Nimeujaribu mimi mwenyewe jioni nyingi, na naona iko na mambo inafundisha. Lakini mutu anayekosoa picha lazima aiulize: unataka niamini nini? Jibu langu naliweka hapa mwanzoni, ili hata yule ambaye mega zake zinaisha alipate: kupandanisha tabaka juu ya foto ni kazi nzuri kama mushono unaonekana. Inakuwa kazi mbaya pale inapofuta tarehe. Na muji wetu hauwezi kuchezea tarehe.

Tuanze na kazi yenyewe, juu wengi wanaikosoa bila kuijua. Kuna njia ya haraka, ya kubonyeza filta moja na kumaliza. Instagram ilipotoka Oktoba 2010 ilipendwa sana kwa filta za namna hiyo, zilizoiga foto za miaka ya 1970. Njia ya tabaka ni ya pole pole. Photoshop iliingiza tabaka mwaka 1994, na leo hata telefone ya bei ndogo inapata programu ya kuzifanya. Foto yako inakaa chini kabisa. Juu yake unaweka picha ya karatasi iliyochakaa, juu tena rangi, juu tena chembechembe, juu tena mwanga kama ule unaovuja katika kamera iliyopasuka. Kila tabaka unaipunguza nguvu mupaka ile ya chini ionekane.

Mimi nilichukua foto ya ziwa niliyoipiga kutoka Muhumba. Mbele, niliinua rangi nyeusi: katika foto iliyofifia hakuna nyeusi ya kweli, kuna kijivu tu. Kisha nikapiga foto ya bahasha ya kaki iliyokunjwa, nikaiweka juu kwa namna ya kuzidisha. Maana yake, programu inachukua mwangaza wa kila nukta ya juu na kuuzidisha na ule wa nukta ya chini. Mahali karatasi ni nyeupe, hakuna kinachobadilika. Mahali iko na doa ao kunjo, panaingia giza. Kwa mikwaruzo ni kinyume: unatafuta picha nyeusi yenye mistari myeupe, unachagua namna ya kuangaza, nyeusi inapotea na mistari inabaki. Mwisho nikatia rangi ya machungwa kwa asilimia 20, chembechembe kidogo, na giza kwenye pembe ine.

Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Na kazi hiyo inafundisha macho: unajua mwanga unatoka wapi, unajua nyeusi haiko moja. Kijana anayetumia saa mbili kupanga tabaka sita anaangalia foto yake kuliko yule anayepiga mia moja bila kurudia kuzitazama. Hiyo ni faida ya kweli.

Lakini ziwa langu lilikuwa limekuwa kumbukumbu. Kumbukumbu ya nani? Nimezaliwa mwisho wa miaka ya 1990. Hakuna aliyewahi kuona Ziwa Kivu likiwa kahawia.

Hapo nikaenda kutafuta juu ya nini foto za zamani ziko vile ziko. Kila ugonjwa wa foto uko na sababu yake, sawa magonjwa ya mimea. Foto ya nyeusi na nyeupe imefanywa na chembe za fedha, ile madini, ndani ya gelatini, ambayo inatoka kwenye ngozi na mifupa ya ngombe. Ile kahawia tunayoiita "sepia" wapiga foto waliifanya kusudi: waligeuza fedha kuwa sulfidi ya fedha, juu inadumu zaidi. Yaani kahawia ile ilikuwa dawa ya kuzuia uzee, na sisi tunaitumia kuonyesha uzee! Madoa ya njano mara nyingi yanatoka kwa mutu ambaye hakuosha foto vizuri baada ya dawa ya mwisho. Foto nyingi za rangi za miaka ya 1960 na 1970 zimekuwa nyekundu-nyekundu juu ile rangi ya samawati-kijani ndani yake inakufa ya kwanza, hata albamu ikiwa imefungwa gizani. Na hapa kwetu, pamoja na mvua na baridi ya mita 1.500 hivi, kuna kuvu. Gelatini ni chakula kwao. Wanaila kuanzia pembeni, wanaacha alama kama kamba ndogo za buibui.

Sisi wa kilimo tunafundishwa kuchimba shimo na kusoma udongo kwa tabaka zake: juu majani yaliyooza, chini udongo mweusi, chini tena udongo mwekundu, mupaka jiwe. Hatuulizi kama ni nzuri. Tunauliza nini ilipita hapa. Doa kwenye foto ya kweli liko vile: linasema foto hii ilikaa chini ya paa inayovuja, hii ilikunjwa mufukoni, hii iliangaliwa sana. Doa la kununua kwenye programu haliko na historia ile. Mutu mumoja aliliskani katika inchi ya mbali, na watu elfu wanalibandika juu ya foto zao. Ndiyo maana foto hizi zinafanana zote: zinaonyesha ugonjwa, mugonjwa hayuko.

Nitoe mufano wa nyumbani. Koko yangu, mama wa mama, alikuwa na foto moja tu ya ujana wake, iliyopigwa katika studio kule Kadutu. Alipokufa, familia ilipeleka foto hiyo kwa fundi mumoja aikuze kwa ajili ya kilio. Fundi alifanya kazi ya tabaka kwa bidii: alitoa kuvu, akaziba mikunjo, akalainisha uso, akaweka kahawia ya heshima ili "ionekane ya zamani". Watu wa kilio walifurahi. Lakini kwenye kifua cha koko, juu ya libaya lake, kulikuwa na kitu kidogo cha mviringo. Fundi alifikiri ni doa, akakifuta. Ilikuwa beji ya MPR, chama cha Mobutu. Ile beji ndiyo ilikuwa inatuambia foto ilipigwa wakati gani, na ilikuwa inafungua mulango wa hadisi: nani aliwalazimisha kuivaa, nani aliivaa kwa kupenda, nini ilifanyika kwa mwenye kukataa. Leo foto inayoning'inia sebuleni inaonekana ya zamani kuliko ile ya kwanza, na inasema kidogo kuliko ile ya kwanza. Shukuru Mungu mama alichunga ya kwanza.

Sasa tuulize tena: tukisema "zamani", tunaiga zamani ya nani? Muji huu uliitwa Costermansville. Nyumba zile za pembe za mviringo tunazopenda kuzipaka kahawia zilijengwa wakati mitaa ya kando ya ziwa ilikuwa ya Wazungu, na wakubwa wetu walipangiwa Kadutu na kisha Bagira. Wengi wao walipita mbele ya nyumba zile wakienda kazi na wakirudi. Ukiiweka foto katika kahawia ile na kuandika "tulikuwa tunaishi vizuri", neno "tulikuwa" linabeba watu ambao hawakuingia ndani. Mimi pia napenda nyumba zile, na ninasikitika zikiharibika. Lakini uzuri wao unaweza kuonekana kwa rangi ya leo, na waya za umeme juu yao.

Kahawia ile iko na wazee wake katika inchi yetu. Mupolandi Casimir Zagourski alifika Léopoldville mwaka 1924, akafungua studio, akatoa kadi za posta kwa mamia mupaka kifo chake mwaka 1944. Mufululizo wake unaitwa "L'Afrique qui disparaît", yaani Afrika inayopotea. Foto zake ni nzuri, mwanga wake ni wa fundi mukubwa. Lakini fikiri jina lile. Watu aliowapiga foto walikuwa wazima. Walikuwa na watoto, walikuwa wanalipa kodi, na katika inchi ileile, kule Katanga, shaba ilikuwa inayeyushwa tangu 1911. Hawakuwa wanapotea, walikuwa wanafanyishwa kazi. Kumuonyesha mutu kama kitu cha zamani angali muzima ni njia ya kutomusikiliza. Na ninaogopa tunaendelea na kazi ya Zagourski sisi wenyewe, kwa telefone zetu, bure.

Muweke pembeni yake Jean Depara, aliyezaliwa 1928 na kufa 1997. Alinunua kamera ya Adox mwaka 1950 kwa ajili ya ndoa yake, kisha akawa mupiga foto wa usiku wa Kinshasa, na wa Franco mwenyewe. Katika foto zake za nyeusi na nyeupe utaona vijana na miwani, suti, magari, chupa mezani. Leo tunaiga rangi zake tukitaka kufanana na jana. Vijana wale walikuwa wanataka kufanana na kesho! Nyeusi na nyeupe haikuwa mutindo wa huzuni kwao. Walisimama mbele ya kamera ili waonekane wapya.

Je, inawezekana kutumia tabaka na kusema ukweli? Ndiyo, na aliyeonyesha njia ni Mukongomani. Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kusomea katika chuo kikuu cha kulekule, kitivo cha fasihi na sayansi za jamii. Mwaka 1906 Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa, chini ya Mobutu ikawa mali ya serikali na mwisho ikaitwa Gécamines, kisha ikaanguka. Miaka mia moja baada ya 1906, Baloji akatoa mufululizo unaoitwa "Mémoire". Alipiga foto za rangi, ndefu na pana, za viwanda vilivyokufa: vyuma vyenye kutu, lundo za takataka za madini, anga tupu. Kisha akachukua foto za hifadhi ya kampuni, za nyeusi na nyeupe, akakata watu waliokuwa ndani yao, wafanyakazi na wakubwa wa kikoloni, akawasimamisha ndani ya viwanda vya leo.

Angalia tofauti. Vyombo ni vilevile kama vyetu: tabaka, maski, kompyuta. Lakini Baloji hakupaka kiwanda kahawia ili kifanane na wale watu, wala hakuwapa wale watu rangi ili wafanane na kiwanda. Jicho linaona mara moja mahali pa mushono. Wafanyakazi wale wamesimama mbele ya kitu walichokijenga na kilichowamaliza, na wewe unalazimika kuhesabu: kati ya tabaka hii na ile, nini ilifanyika? Nani alikula shaba? Foto zetu za "Bukavu ya zamani" zinakutuliza. Ile ya Baloji inakupa deni.

Niseme pia kinachonisumbua ndani ya "Mémoire", juu kukosoa si kusifu tu. Wale watu hawana majina. Hifadhi ya kampuni haikuandika nani ni nani, na kazi ya Baloji inawaacha vilevile: mwili bila jina, mara ya pili. Wengine watasema ndiyo ukweli wenyewe wa hifadhi, na kwamba kuwabunia majina ingekuwa uongo. Nakubali. Lakini kwetu sisi iko na somo: jina tunaloweza kuliandika leo nyuma ya foto, wakati koko ao muzee angali muzima wa kulitaja, hakuna programu itakayolirudisha kesho.

Baloji aliusaidia pia muji wake. Mwaka 2008 alikuwa kati ya walioanzisha chama cha Picha kule Lubumbashi, kinachotayarisha maonyesho makubwa ya sanaa. Picha! Neno letu la kila siku. Sioni kinachotuzuia kufanya kitu cha namna hiyo, hata kidogo, katika ukumbi wa parokia ao wa chuo.

Sasa, juu ya nini nasema kwamba kwetu tarehe si muchezo? Chukua foto ya barabara ya Nyawera iliyo tupu, milango imefungwa, mutu mumoja anakimbia. Ipake kahawia, tia chembechembe. Ni lini? Inaweza kuwa Oktoba 1996, wakati Askofu Mukuu Christophe Munzihirwa aliuawa palepale, tarehe 29. Inaweza kuwa Juni 2004, wakati watu wa Mutebutsi na Nkunda walichukua muji. Inaweza kuwa Februari 2025, wakati M23 iliingia. Vita tatu, na filta moja inazifanya kuwa jambo moja la zamani lenye huzuni tamu. Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2010 ilihesabu matukio 617 makubwa kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Nguvu yake iko katika kitu rahisi: kila tukio liko na mahali na wakati. Tukianza sisi wenyewe kuchanganya nyakati kwa ajili ya mapendo ya watu kwenye telefone, tunamusaidia yule anayetaka kusema "hakuna kilichofanyika, hizo ni foto za kutengeneza". Na siku atakapoonyeshwa foto ya kweli, atajibu hivyohivyo.

Hata katika kazi yangu naliona. Wakulima wanatuma foto za mashamba yao kwenye vikundi, wanauliza: ugonjwa gani huu? Rangi ndiyo neno la kwanza la muti. Majani ya chini ya mahindi yakianza kuwa njano, nafikiria ukosefu wa azoti. Mihogo yenye mabaka ya njano na kijani, nafikiria mozaiki. Mugomba unaogeuka njano na kunyauka, na ndizi zinazoiva mbele ya wakati, nafikiria ule munyauko wa bakteria ambao umemaliza migomba mingi katika Kivu. Sasa kijana wa nyumbani ametumia telefone yenye filta ya "joto" ili shamba lipendeze. Kila mugomba unagonjwa! Mutu anaweza kukata shamba zima kwa sababu ya tabaka ya machungwa ya asilimia 20.

Kwa hiyo, napendekeza mambo machache, siyo sheria. Ukiweka tabaka, chunga foto ya kwanza bila kuigusa. Ndani yake kuna tarehe na saa ambazo kamera imeandika. WhatsApp inazifuta ukituma kama foto ya kawaida. Ukituma kama dokima, zinabaki. Ukiitoa mbele ya watu, andika mwaka wa kweli na useme umeitengeneza. Foto ya ugonjwa wa mimea, ya ajali, ya mulima ulioporomoka, ya vita: usiiguse rangi. Na mbele ya kununua madoa ya wageni, fungua ile albamu iliyo chini ya kitanda cha mama. Skani foto zile, ao uzipige kwa telefone karibu na dirisha, bila kuzisafisha. Muulize mwenyewe majina, andika. Kuvu hawangojee sisi tumalize masomo.

Kisha, kama unataka kucheza na tabaka, cheza kwa namna ya Baloji. Chukua koko akiwa na beji yake, katika nyeusi na nyeupe yake, umusimamishe mahali ile studio ya Kadutu ilikuwa, katika rangi ya leo, pamoja na pikipiki na waya na matope. Acha mushono uonekane. Foto ile haitapata mapendo mengi, pengine. Lakini mutu atakayeiangalia atauliza: huyu ni nani, na nini ilifanyika hapa kati?

Nyinyi munaonaje? Wale wenye kuwa na foto za kweli za nyumbani, za mbele ya 1990, mutuambie chini hapa: mwaka gani, mutaa gani, nani yuko ndani. Tuanze na hizo.